Muhula Niliofunga Uwanja

Kabla mtoto hajakanyaga uwanja asubuhi, ukanyage wewe kwanza, tena bila viatu. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa kazini. Watoto wengi wa shule yetu walicheza miguu mitupu, kwa hivyo mtunza uwanja aliyevaa viatu alikuwa hajui lolote. Msumari, kipande cha chupa, ncha ya jiwe iliyofukuliwa na mvua, vyote hivyo unyayo huvijua kabla ya macho.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaosoma, na nyinyi mnaoanza kazi mashuleni, mkiwa na chaki mkononi au mkiwa na fyekeo kama mimi. Nimesikia siku hizi ziko shule ambazo saa ya mapumziko huliwa na masomo ya ziada, na saa ya michezo imebaki kwenye ratiba ya ukutani tu. Mimi sina haki ya kuwalaumu walimu hao. Nilipata kuwanyima watoto wa shule nzima uwanja wao kwa muhula mzima, wala sikuwa na kisingizio cha masomo. Kisingizio changu kilikuwa nyasi.

Shule ilikuwa upande wa Ganda, nje kidogo ya Malindi. Kazi yangu ilikuwa kufyeka, kupiga kengele, kuziba ua na kusimamisha magoli. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na cheti hicho kilinitesa. Kila nilipomwona mwalimu kijana akipita na vitabu kwapani nilijiambia ningeweza kuwa yeye, nami ninashika fyekeo. Nayasema haya mapema kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Nilitaka kuonekana.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Athmani. Wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini, yeye alizaliwa Malindi mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kama mtu anayemimina kahawa. Alinifunza kuondoa mbigili, ile miba midogo inayotambaa chini, bila kuinama. Unalowesha gunia kuukuu, unalifunga kamba, unaliburuta uwanja mzima kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda. Miba yote inanasa kwenye gunia. Alinifunza pia kwamba mlingoti wa goli wa mti wa mvinje hauzikwi hivi hivi. Sehemu inayoingia ardhini huchomwa kidogo kisha ikapakwa oili chafu, ili mchwa wasiipende.

Hilo la oili nilimsikia lakini nikaona ni kazi bure. Mlingoti wa kwanza niliousimamisha peke yangu ulikaa miezi michache tu. Siku ya mechi na shule jirani ulianguka wenyewe, hakuna aliyeugusa, hata upepo haukuwepo. Mlinda lango wetu akautazama chini, akainua mkono, akamwambia refa, "Hilo si bao."

Mzee Athmani aliangalia kisiki kilicholiwa na mchwa. "Hawa wamekula vizuri," akasema. "Ulisahau kuwatilia chumvi tu."

Alipostaafu nikabaki peke yangu, na ndipo nikaanza mambo ya nyasi.

Uwanja wetu ulikuwa mchanga na kokoto, na vumbi jekundu upande wa barabara. Nikasikia kwamba michezo ya shule za eneo letu ingefanyika kwetu muhula uliofuata, na maafisa wa elimu wangekuja. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba ruhusa nipande ukoka mvua zikianza, na watoto wasikanyage kwa wiki chache mpaka mizizi ishike. Akakubali. Nikatafuta ukoka kila mahali, nikaukata vipande, nikaupanda kwa mistari, mvua ikanisaidia. Jua lilipokuwa likichoma nilibeba maji kwa wilbaro kutoka kisimani, safari baada ya safari. Haikuwa kazi ndogo, na mpaka leo sioni haya kusema kwamba uliota vizuri.

Wiki chache zikapita. Mizizi ilikuwa imeshika, lakini nyasi zilikuwa nzuri mno. Nikamwambia mwalimu mkuu tungoje kidogo. Kisha nikamwambia tungoje mpaka michezo. Nikauzungushia uwanja kamba, na kwa herufi zangu nzuri za kidato cha nne nikaandika ubao: NI MARUFUKU KUKANYAGA NYASI. Siku ya pili nikakuta mtoto ameongeza chini yake kwa mkaa, "isipokuwa mbuzi." Ni kweli, mbuzi wa majirani waliingia kila Jumamosi. Walimu walicheka. Mimi nilifuta, nikaandika upya.

Watoto wakanipa jina: Baba Ukoka.

Saa ya mapumziko sasa ilikuwa kwenye baraza. Zaidi ya watoto mia tatu, baraza mbili. Nikaanza kusikia kelele za namna nyingine, si zile za kucheza. Walisukumana, wakagombania nguzo ya kuegemea, wakatukanana wazazi. Wadogo walikaa tu chini na kuchora mchangani kwa vidole. Mwalimu Mapenzi, mama aliyefundisha darasa la tano, alinipita siku moja akiwa ameshika kichwa.

"Kahindi," akaniambia, "zamani walikuwa wakirudi kutoka nje wamechoka, wanakaa, wananisikiliza. Siku hizi wanarudi kama walivyotoka. Nafundisha watu waliojaa mpaka hapa." Akaonyesha shingoni.

"Ni wiki chache tu, mwalimu."

"Uliniambia hivyo kabla ya Ramadhani."

Katika darasa lake alikuwamo msichana aitwaye Sidi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alirudia darasa mara mbili. Kusoma kulimpa taabu, na darasani akisimama kusoma wenzake walikuwa wakikohoa kikohozi cha kucheka. Aliishi na nyanya yake, kwani mamake alifariki. Lakini mpe mpira. Wasichana walikuwa na mchezo wanaouita kati: wawili wanasimama pande mbili wakirusha mpira, na walio baina yao wanaukwepa. Sidi alikwepa kama aliyeoneshwa mapema mpira utapita wapi. Yeye ndiye aliyechagua timu, yeye ndiye aliyeamua ugomvi, na wale wale waliokohoa darasani walisimama mbele yake wakiomba, "Nichague mimi, Sidi."

Haya nayaeleza sasa kana kwamba niliyaona wakati ule. Sikuyaona. Niliyajua baadaye, nilipoambiwa.

Nilichokiona mimi ni mtoto amevuka kamba yangu. Mpira wao wa matambara ulikuwa umeruka kutoka barazani ukaanguka katikati ya ukoka, na Sidi akaukimbilia. Nikamfuata na panga mkononi, nilikuwa nikichonga vigingi. Nikauwahi mpira kabla yake.

"Kuna ubao pale," nikamwambia. "Hujui kusoma?"

Wenzake barazani wakacheka. Mimi sikukusudia lile walilolichekea, lakini nililisema. Kisha nikauweka mpira juu ya kigingi nikaukata. Matambara yakamwagika pamoja na nailoni na kamba alizozisuka mwenyewe. Hakulia. Aliyaangalia yale matambara, akaniangalia mimi, akarudi barazani akipita nje ya kamba, kwa adabu kabisa.

Kesho yake hakuja shule. Wala siku iliyofuata.

Sikujua. Mtunza uwanja haiti majina. Wiki mbili zikapita, nami nikajishughulisha na nyasi zangu. Ndipo Mzee Athmani akaja kututembelea, kanzu yake nyeupe na bakora, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kwa sababu huyu ndiye niliyetaka anione kuliko hata maafisa. Nikamshika mkono nikampeleka mpaka kwenye kamba. Ilikuwa saa ya mapumziko.

"Mashallah," akasema. "Nyasi hizi." Akazigusa kwa ncha ya bakora. "Na watoto wanacheza wapi?"

"Wapo barazani, mzee. Ni kwa muda tu."

Akageuka akawatazama kule barazani. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza kama mlingoti ule wa pili niliutia oili, akaaga. Heri angenitukana.

Nikaenda kwa Mwalimu Mapenzi nikamuuliza kama watoto kweli wameathirika, nikitaraji aniambie hapana. Akanitajia Sidi.

"Nyanya yake amepata mtu wa Barani, huko mbali na pwani, anayetaka msichana wa kumlelea mtoto. Anakuja kumchukua Jumapili. Akishaondoka, Kahindi, hatarudi shule. Nimewaona wengi."

"Umeenda kuzungumza naye?"

"Nimekwenda mara mbili. Nimemzungumzia masomo, hakuinua hata macho. Huyu mtoto masomo alikuwa akiyavumilia tu. Alichokuwa akikijia hapa ni ile nusu saa. Ile nusu saa ndiyo iliyokuwa ikimshika kwenye kiti siku nzima." Akaniangalia. "Nenda wewe. Ukazungumze habari ya uwanja."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikwenda kwanza kwa mwalimu mkuu. Alikuwa akisaini karatasi. Nikamwambia nataka kufungua uwanja.

"Michezo ni wiki tatu zijazo," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeniomba nifunge."

"Ndiyo. Na sasa mimi mwenyewe ndiye ninayeomba ufunguliwe. Nilikosea."

"Na nyasi zikifa?"

"Nitasema mimi ndiye niliyeziua."

Akaendelea kusaini. Kisha akasema, "Jumatatu," bila kuinua kichwa.

Jioni ile nikaenda kwao Sidi, mwendo wa nusu saa ndani ya mashamba. Nilimkuta nyanya yake amekaa kwenye mkeka akimenya mihogo, na Sidi akikata vipande na kuvianika. Nikaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

"Mimi si mwalimu, mama. Mimi ni yule wa nyasi."

Kisu kikasimama. "Ndiwe uliyekata mpira?"

"Ndimi."

"Nguo zile zilikuwa zangu," akasema. "Leso yangu ya zamani. Aliniomba, nikampa." Akaendelea kumenya. "Kaa basi. Aliyekuja kwa miguu yake hasimamishwi."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri ya mtu aliyesoma, na yote yakaniacha. Nikamgeukia Sidi nikamwambia, "Nilikukosea. Mpira haukuwa wangu, nami niliukata. Na lile nililosema mbele ya wenzako lilikuwa baya. Nisamehe."

Akakata muhogo. "Si kitu."

"Ni kitu," akasema nyanya yake. "Usimrahisishie."

Nilicheka peke yangu, wao hawakucheka. Nikasema uwanja utafunguliwa Jumatatu, kamba itatoka, kila mtu atacheza. Nikadhani hapo mambo yamekwisha. Sidi akaweka kisu chini.

"Watacheza wavulana," akasema.

"Kila mtu."

"Wavulana watauchukua wote, kama kabla ya nyasi. Sisi tulikuwa tunacheza pale kwenye kokoto, karibu na vyoo. Hukutuona?"

Vijana wangu, nilikuwa nimeutembea uwanja ule miguu mitupu kila asubuhi kwa miaka. Nilijua kila jiwe. Ile sehemu ya karibu na vyoo sikuwahi kuikanyaga, kwa sababu haikuwa ndani ya mistari yangu. Mistari niliichora kwa ajili ya mpira wa wavulana, na mahali mistari ilipoishia ndipo kazi yangu ilipoishia. Wasichana walikuwa wakicheza juu ya mawe niliyoyaondoa kwa wavulana na kuyatupa pale pale.

"Mnataka wapi?" nikauliza.

"Katikati ya uwanja."

Katikati ndipo ukoka ulipoota vizuri kuliko kote. "Siku ngapi?"

"Jumatatu na Alhamisi."

"Haya."

"Andika," akasema. "Watu wazima husahau."

Nilikuwa na kalamu mfukoni na karatasi ya risiti ya misumari. Nikaandika nyuma yake kwamba wasichana watacheza katikati ya uwanja Jumatatu na Alhamisi saa ya mapumziko, nikatia saini. Akaichukua. Akaisoma kwa sauti, neno moja moja, kidole chini ya mstari, na hakuna aliyekohoa. Ilimchukua muda. Nyanya yake aliacha kumenya akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo utarudi?" nikauliza.

"Sijui," akasema Sidi, akaikunja karatasi.

Nyanya akanisindikiza mpaka njiani. "Yule mama wa Barani nimeshampa neno langu," akasema. "Lakini mtoto akitaka mwenyewe, nitalirudisha. Asipotaka, sitamsukuma. Shule nilimsukuma miaka mitatu, mikono imechoka."

Mwalimu Mapenzi alikuwa ameniambia pia juu ya wavulana wawili wa darasa la sita walioacha muhula ule ule. Ijumaa na Jumamosi nikaenda kwao. Mmoja alihamia kwa shangazi yake Kilifi na anasoma huko. Wa pili, nyumba niliikuta imefungwa, na majirani hawakukubaliana alikokwenda. Huyo mpaka leo simjui alikofika. Huenda aliondoka kwa sababu zake, zisizohusu nyasi hata kidogo. Lakini sikuwahi kupata wa kumuuliza, na jambo hilo nalibeba.

Jumatatu asubuhi nilitoa kamba, nikang'oa ubao, nikauburutia gunia uwanja wote mpaka kule vyooni. Kisha nikachora mistari ya kati. Msitumie chokaa kwa mistari, vijana. Watoto huanguka, na chokaa mbichi huchoma magoti na macho. Tumieni jivu la jikoni lililochekechwa, mlimimine kwa mkebe uliotobolewa, na mlowanishe kidogo lisipeperuke.

Kengele ya mapumziko nikaipiga mwenyewe. Watoto walitoka, wakafika ukingoni mwa nyasi wakasimama. Hawakuamini. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaweka mguu mmoja kwenye ukoka akanitazama. Nikamwambia, "Pita." Basi wakamwagika.

Wavulana wakaja moja kwa moja katikati na mpira wao. Nikawaonyesha upande wa pili. Nahodha wao, kijana mrefu wa darasa la nane, akaniambia, "Baba Ukoka, huo wa wasichana si mchezo. Ni kukimbiana."

"Basi wamewashinda," nikasema, "maana wenu nimeuona, na hata kukimbia hamkimbii."

Wenzake wakamcheka mpaka akahama.

Wasichana wakasimama kando ya mistari. Hawakuingia. Nikawaambia ni yenu, wakatazamana. Mmoja akasema, "Nani atachagua timu?" Wakakaa hivyo, dakika baada ya dakika, na nusu saa si kitu kikubwa. Nikatazama langoni. Nikajua kwamba Jumapili ilikuwa imeshapita, na kwamba mtu wa Barani alikuja au hakuja, na mimi sikuwa na la kufanya zaidi.

Sidi alikuja zikiwa zimebaki dakika kumi. Sare imefuliwa, ndala mkononi. Hakupita darasani. Mwalimu Mapenzi alikuwa barazani, nikamwona akianza kushuka ngazi kumuuliza asubuhi yote alikuwa wapi, kisha nikamwona amesimama, akarudi akaegemea nguzo.

Sidi akafika kwenye mistari. Akaizunguka yote, polepole.

"Huu umepinda," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Upande huu mtu anapata hatua mbili zaidi."

Nikainama, nikaona ni kweli. Nikaufuta kwa mguu nikauchora upya, nao wote wakiningoja kwa mikono kiunoni kama mahakimu. Leo Sidi ni mama mtu mzima, ana cherehani yake huko Tezo na hushona sare za shule, na kila tukikutana huniuliza kama nimejifunza kunyoosha mstari.

Akachagua timu. Nikiwa na mpira wa ngozi wa shule, ule unaowekwa kwa ajili ya mechi, nikaurusha. Sitaweza kuwaelezea vizuri zile dakika chache. Wasichana walipiga kelele hata wavulana wakaacha mchezo wao wakaja kutazama, na nahodha yule mrefu akajikuta anasema, "Mkwepe, mkwepe, kushoto." Ukoka uling'oka vipande vipande chini ya miguu yao. Niliona, na nikashangaa kwamba hainiumi kama nilivyoogopa.

Muda ulipotimia nikapiga kengele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kucheza alikuja, lakini kitini je? Watoto wakakimbilia madarasa. Sidi akabaki katikati ya uwanja, anahema, mikono magotini. Akatazama lango. Mwalimu Mapenzi alikuwa mlangoni mwa darasa la tano, hakumwita.

Msichana mmoja, mmoja wa wale wakohozi, akarudi mbio kutoka barazani. "Sidi, njoo basi," akasema. "Alhamisi tupange tena. Njoo, mwalimu atatufungia mlango."

Sidi akaokota ndala zake. Wakaenda pamoja wakibishana nani aliguswa na mpira na nani hakuguswa, na walikuwa bado wanabishana walipoingia ndani.

Nikauzunguka uwanja miguu mitupu kuona kama kuna mtoto aliyebaki nje. Hakukuwa na hata mmoja.